Mwanatatu na Sanduku la Vitu vya Watoto

Bi Jalila wa Bofu hajapata kubeba kitu maishani mwake. Muulize yeyote aliyewahi kumpokea kikapu akipanda kilima cha feri ya Likoni. Kikapu kimefurika mpaka mishikio inalia, mkia wa papa unachungulia nje, lakini ukimwuliza, "Bi Jalila, leo mna nini?" atakujibu bila kupepesa, "Hamna kitu mwanangu, vitu vya watoto tu." Na hao watoto wenyewe, kitinda mimba wao ana miaka thelathini na mbili na ndevu mpaka kifuani.

Si kwamba ni mwongo, Mungu apishe mbali. Ndivyo alivyolelewa na mamake, na mamake na mamake. Walimfunza kwamba dunia ina macho, na macho yana kijicho, na mali ikitajwa kwa jina lake mbele za watu haifiki nyumbani salama. Samaki ataoza njiani, kanga itapasuka, mchumba ataghairi. Kwa hiyo mtu mwenye adabu zake hupunguza. Nyumba ya vyumba vitano ni kibanda cha kujisitiri, na harusi iliyofunga barabara siku mbili ni kichai cha jioni. Somo hilo Bi Jalila aliwapa watoto wote sita, na aliyelishika barabara kuliko wote ni binti wa tatu, Mwanatatu. Alilishika mno, hadi likakaribia kumfungia karakana.

Mwanatatu ana miaka arobaini na minne, mrefu, mwembamba, mcheshi akikuzoea, na kazi yake ni kusuka mota. Pampu ya maji ikiungua popote Likoni hupelekwa Bofu, kwenye kibanda cha mabati kilicho ubavuni mwa nyumba ya Bi Jalila, na Mwanatatu huifungua, huzitoa waya zilizoungua, kisha huisuka upya kwa waya mpya ya shaba. Kazi hii aliipata kwa mjomba wake Changamwe, alikokuwa akipeleka chakula cha mchana alipokuwa msichana. Mjomba alihesabu mizunguko ya waya kwa chaki ukutani, na kila mtu aliyepita kumsalimu alimpotezea hesabu. Mwanatatu, aliyekaa akingoja masufuria, alikuwa amesuka ukili na mamake tangu akiwa na miaka sita, na mtu aliyezoea kuhesabu miyaa ya kusukia kwa vidole huku akipiga soga hapotezi hesabu kwa kusalimiwa. Siku moja akamwambia mjomba, "Hiyo ni ya mia moja na arobaini, si mia moja na thelathini na nane." Mjomba akaifungua, akahesabu upya, akamwangalia sana. Tangu siku hiyo masufuria yalirudishwa na mtu mwingine.

Mambo ya upepo yaliletwa na mumewe Abubakar, mpishi katika hoteli moja ya Shanzu. Hoteli ilikuwa inatupa takataka zake, na Abubakar akaona kitu kama pangaboi kubwa lenye mkia, akaona haya kuliacha. Akalifikisha Bofu kwa mkokoteni na jasho jingi. Mwanatatu alipolifungua akacheka peke yake, maana ndani aliikuta mota ileile aliyoijua maisha yake yote, ila hii ilikuwa inaenda kinyume. Mota ya kawaida unaipa umeme nayo inakupa mzunguko, na hii upepo unaipa mzunguko nayo inakupa umeme. Akaisuka upya na kuipandisha juu ya bomba nyuma ya nyumba, na jioni ya siku ya tatu watu wa Bofu wakaja mmoja mmoja na simu zao kuchaji, wakilicheka pangaboi la Mwanatatu huku wakinywa chai yake.

Akatengeneza lake mwenyewe, kisha la pili lililolishinda la kwanza kwa mbali. Mabawa yalichongwa na Pascalia, mjane wa seremala wa Kisauni, ambaye mumewe alimwachia patasi na yeye akaona afadhali azitumie kuliko kuziuza. Wanawake hao wawili wakawa na kazi. Mkulima huyu alitaka la kuvutia maji, mfuga kuku yule alitaka la taa, na mwalimu mmoja wa madrasa alitaka la kipaza sauti. Kwa sababu za kiusalama hilo la kipaza sauti Bofu wenyewe waliomba lipelekwe Matuga.

Hapo ndipo Mwanatatu alipoanza kuifuata bajeti. Wenzake walifungua redio kusikiliza mpira, yeye kila Juni aliiongeza sauti kumsikiliza waziri. Alikuwa amegundua kwamba mapangaboi yake yamefungwa kamba ndefu ambayo ncha yake ya pili iko Nairobi, mkononi mwa mtu aliyevaa suti. Betri na vidhibiti vya chaji vilitoka ng'ambo, na maadamu serikali ilisamehe kodi vifaa vya jua na upepo, mkulima wa kawaida aliweza kujikakamua akanunua. Mwaka ule wa korona msamaha ukaondolewa. Wateja wanne waliokuwa wamemwambia "nakuja Jumatatu" hawakuja Jumatatu yoyote. Mwaka uliofuata msamaha ukarudishwa, nao wakarudi na salamu nyingi, kama waliokuwa safarini.

Lakini huo msamaha uliomrudishia wateja ulimletea na mshindani. Maduka ya mjini yakaanza kuleta mashine za upepo zilizokamilika, zimepangwa ndani ya maboksi yenye picha, zisizolipiwa kodi hata ya msumari. Zake Mwanatatu zililipiwa kila kitu. Sumaku zililipiwa, shaba ililipiwa, gundi ya kumiminia ililipiwa. Aliyeleta mashine nzima alisamehewa na aliyeitengeneza hapa hapa alitozwa. Mwanatatu aliliona hilo na likamuuma, lakini hakumwuliza mtu. Alijiambia sheria ndivyo zilivyo, wakubwa husamehewa na wadogo hulipa. Na zaidi ya hayo, kuuliza ni kujitangaza.

Basi mwaka jana akaja Kafedha. Kafedha ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaolima mboga Mwakirunge, pembeni mwa matimbo yaliyochimbwa mawe hadi yakaachwa. Matimbo hayo hujaa maji ya mvua yasiyokauka mwaka mzima, na kina mama walikuwa wakiyavuta kwa pampu ya dizeli iliyokuwa inakula zaidi ya wanavyokula wao. Kafedha alifika Bofu na viatu vyenye vumbi jeupe, akazunguka ile mashine ya nyuma ya nyumba mara mbili, akaketi bila kukaribishwa.

"Natupa maneno kama yalivyo," akasema. "Twataka sita. Duka la mjini latuuzia kwa bei hii." Akaitaja. "Na wewe?"

Mwanatatu akaitaja yake. Ilizidi, tena si haba.

Kafedha akapumua. "Mimi nakutaka wewe, wallahi si utani, hata mimi Mkristo naapa hivyo. Lakini pesa si zangu. Kina mama thelathini wameuza mchicha miaka miwili. Nitawaambia nini? Jumamosi ya mwisho wa mwezi twakaa kikao. Ukiweza kushuka, shuka. Ukishindwa, tutakwenda dukani na tutabaki marafiki."

Alipoondoka, Mwanatatu na Pascalia waliiacha chai ikapoa. Hawakuhitaji kuelezana. Miezi mitano hawakuwa wameuza mashine hata moja. Zikienda hizi sita dukani, Mwanatatu angerudi kwenye pampu zilizoungua tu, na pampu zilizoungua hazihitaji mchonga mabawa. Pascalia angerudi kuuza mahamri, na mahamri yake, hata yeye alikiri, hayakuwa mazuri. Alichokitaka Mwanatatu kilikuwa kimoja, kuendelea kutengeneza mashine za upepo. Alikipenda kitu hicho kwa namna ambayo hakuwahi kuitamka, hata kwa Abubakar.

Siku nne baadaye mambo yakaharibika zaidi. Gedion akapiga simu.

Gedion Thoya ni wakala wa kutoa mizigo bandarini. Ofisi yake iko Changamwe, ghorofani juu ya duka la matairi, na kwa miaka minne ndiye aliyekuwa akimtolea Mwanatatu sumaku zake kutoka Uchina. Mzigo wenyewe ulikuwa ni sanduku moja tu ndani ya kontena la watu wengi, na kila mwenye mali alieleza mali yake kwa mstari mmoja.

"Dada Mwanatatu," sauti ya Gedion ilikuwa ya mtu anayezuia kicheko au kilio, "sanduku lako limezuiliwa. Njoo."

Akaenda. Gedion akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, jambo ambalo si dalili njema kwa wakala, akamsimulia. Afisa wa forodha alikuwa ameamua kulifungua sanduku, kwa kuwa siku hizi wanachagua machache wayakague. Alikuwa na shada la funguo kiunoni. Akatoa sumaku moja kwenye karatasi zake, akaiinua kuitazama, na hapo funguo zikamruka kiunoni zikanasa, na kwa vile zilikuwa zimefungwa kwenye mkanda, suruali nayo ikafuata. Walihitajika watu wawili na kipande cha ubao kumtenganisha. Baada ya hapo, akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja na hati kwa mkono mwingine, afisa aliuliza swali moja tu.

"Aliuliza nini?" Mwanatatu akasema.

"Aliuliza ni mtoto gani anayechezea hivi."

Mwanatatu hakuelewa. Gedion akamgeuzia hati. Kwenye mstari wa kueleza mali, kwa herufi kubwa, palikuwa pameandikwa vitu vya kuchezea watoto.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi."

"Kwa nini, Gedion?"

"Kwa sababu ndivyo ulivyoniambia!" Sasa kicheko kilimshinda. "Mzigo wa kwanza kabisa, nakumbuka kama jana, nilikupigia simu nikakuuliza, dada, sandukuni mna nini? Ukaniambia, hamna kitu, vitu vya watoto tu. Nikaandika. Wa pili nikauliza, ukasema ni vilevile. Nikaandika vilevile. Miaka minne, dada! Miaka minne unalipia kodi ya midoli."

Mwanatatu alijishika kichwa. Alijisikia akicheka, na katikati ya kicheko akajisikia machozi, kwa sababu alizikumbuka zile bei zote alizowatajia wateja wakageuka wakaenda zao. Aliwalaumu wakubwa kumbe na ulimi wake ulikuwamo. Alipopata sauti akauliza kama kuna dawa.

Ipo, Gedion akasema. Hati itasahihishwa, atalipa faini kidogo na atatazamwa vibaya na mtu mmoja mwenye mkanda mpya. Lakini kuna zaidi. Msamaha wa kodi haukuandikiwa mashine nzima peke yake, ulitaja vifaa maalumu vya kuzalisha umeme wa jua na upepo. Sumaku zisizokuwa na kazi nyingine ila hiyo huenda zikaingia humo, wizara ya nishati ikikubali kumwandikia barua ya kupendekeza. "Sikuahidi," akasema, "lakini hukuwahi kuomba. Hawawezi kukusamehe kitu ambacho hawajui unakifanya. Ila ni lazima ueleze. Kila kitu, kwa jina lake."

Wakakaa kujaza fomu. Pale palipoandikwa eleza kazi yako, Mwanatatu alifikiri sana, akaandika, "Najishughulisha."

Gedion akaisoma, akaivua miwani. "Dada, serikali haijawahi kumsamehe kodi mtu anayejishughulisha."

Akaifuta. Akaandika, "Kutengeneza vipangaboi vidogo vidogo."

"Vidogo kiasi gani? Kama vya kujipepea msibani?"

"Wewe nawe!"

"Nami nini? Umetengeneza mangapi mpaka leo?"

"Machache."

"Mangapi?"

Mwanatatu akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa namna ya ukili, kwa mpango wa mahali. Bofu matatu. Mtongwe mawili. Shika Adabu, Ng'ombeni, Matuga lile la kipaza sauti. Mwakirunge kwa wale wa kuku. Alipofika mwisho akarudia, maana hakujiamini. Yalikuwa thelathini na moja. Hakuwa amewahi kuyahesabu. Mapangaboi thelathini na moja yalikuwa yakizunguka saa hiyo huko na huko, na hakuna mahali popote duniani palipoandikwa kwamba yeye ndiye aliyeyatengeneza. Alikaa akiitazama kalamu. Kisha akaandika, polepole na kwa mwandiko wa shule, "Mimi ni mtengenezaji wa mashine za upepo."

Fomu ikaenda. Wiki mbili zikapita, na Jumamosi ya Kafedha ikawa inakaribia bila kuona haya. Siku kumi kabla ya kikao Gedion akaleta habari kwamba afisa wa wizara ya nishati atakuja kukagua karakana, kuona kama ipo kweli. Mwanatatu alifagia, Pascalia alipanga mabawa ukutani kwa urefu, na wote wawili wakasahau kumwambia Bi Jalila.

Afisa mwenyewe alikuwa msichana wa bara, Caroline, mwenye begi la mgongoni na viatu vya kutembelea. Alifika saa ya kuanua nguo. Bi Jalila alikuwa barazani akichambua mchele, na upande wa pili wa ua wa makuti alikuwa Mwanasaumu, jirani yao, ambaye nguo zake huchukua muda mrefu kukauka kuliko za mtu yeyote Bofu kila nyumba ya pili ikipata mgeni.

"Shikamoo mama," akasema Caroline, maana aliambiwa Pwani watu husalimiana.

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Nimeambiwa hapa kuna kiwanda cha mashine za upepo."

Bi Jalila aliutazama ua wa makuti. Aliona kiganja cha Mwanasaumu kimesimama juu ya kamba, hakiendi mbele wala nyuma. "Kiwanda?" akasema kwa upole. "Hapana kiwanda hapa, mamangu. Umepotezwa. Hapa ni kwetu tu. Binti yangu ajishughulisha na vitu vya watoto."

Caroline akaangalia karatasi, akaiangalia nyumba, akaandika kitu. Akashukuru, akageuka kuelekea barabarani alikoacha pikipiki.

Mwanatatu alikuwa mlangoni mwa karakana na alisikia kila neno. Kusema ni kumkanusha mamake mbele ya mgeni, na zaidi ya mgeni, mbele ya Mwanasaumu, yaani mbele ya Likoni nzima kabla ya magharibi. Kunyamaza ni kuiacha pikipiki iondoke. Baadaye alimwambia Pascalia kwamba miguu ilitangulia na mdomo ukafuata.

"Dada afisa!" akaita. "Kiwanda ni hiki. Mwenyewe ni mimi."

Na akishaanza hakuweza kuacha. Akamshika mkono akamwingiza ndani. Akamwonyesha zile koili zilizomiminiwa gundi, akataja idadi ya mizunguko. Akamwonyesha mabawa, akamtaja Pascalia kwa jina lake lote na la marehemu. Akamwonyesha mashine tatu za dukani zilizoletwa kwake ziungwe baada ya kufa. Akasema thelathini na moja, akasema tena, kwa sauti iliyoruka ua wa makuti bila shida. Akasema anataka kutengeneza sita za Mwakirunge na kwamba akipata barua ataziweza. Caroline aliandika mpaka kalamu yake ikakauka, akaazima ya Pascalia ya kuchoreshea mbao.

Alipoondoka, baraza ilikuwa tupu. Sinia ya mchele ilikuwa pale pale, nusu imechambuliwa. Bi Jalila alikuwa amejifungia chumbani na moshi wa ubani ulikuwa unatoka chini ya mlango.

Siku tatu hakumsemesha bintiye zaidi ya "chakula ki mezani." Siku ya pili kuku wake mmoja akafa, kuku mzee aliyekuwa akingojewa afe tangu Ramadhani iliyopita, na Bi Jalila akamlaza juu ya gunia mbele ya mlango wa karakana kama ushahidi wa kijicho. Mwanatatu aliumia, tena sana. Hakujutia alilosema, na hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi, maana alizoea kumkosea mamake kwa bahati mbaya na kuomba radhi. Hii ilikuwa mara ya kwanza kumkosea kwa kusudi.

Barua ikaja Alhamisi, siku mbili kabla ya kikao. Haikusamehe kila kitu. Shaba ilibaki vilevile, kwa kuwa shaba ina kazi nyingi, lakini sumaku ziliingia, na vidhibiti na betri alizokuwa akinunua kwa mkono wa tatu sasa angeweza kuziagiza mwenyewe bila kodi. Gedion aliisoma kwenye simu mara mbili, mara ya pili akiimba. Mwanatatu akakaa chini na kalamu, akapiga bei upya, akaenda Mwakirunge mwenyewe.

Kafedha aliipokea karatasi, akaisoma akiwa amesimama kati ya matuta ya mchicha. "Ya dukani bado ni nafuu," akasema. "Kidogo tu, lakini ni nafuu."

"Najua."

"Ikifa ya dukani, yapelekwa wapi?"

Mwanatatu alitaka kupunguza. Ulimi ulikuwa tayari kusema aah, mafundi wapo, hawakosekani. Akaumeza. "Yaletwa kwangu," akasema. "Nina tatu mezani hivi sasa."

Kafedha akacheka mpaka wenzake wakasimamisha majembe. "Ikiwa mwisho wote waja kwako," akasema, "basi nazianzie kwako." Kisha akaongeza, maana yeye naye husikiliza redio, "Lakini fanya haraka. Juni yaja, na hao watu hubadili mawazo."

Kikao cha Jumamosi kilikubali, nao wakafanya haraka. Mwanatatu aliagiza sumaku za mwaka mzima, na kwenye ule mstari mmoja Gedion aliandika jina lake kwa herufi kubwa kuliko inavyohitajika. Mashine tano zilikwenda kwa lori. Ya sita ilichelewa kumiminiwa gundi, na asubuhi ya kuisimamisha, Pascalia akiwa ameshatangulia Mwakirunge na milingoti, Mwanatatu alibaki Bofu na sahani mbili za sumaku na tatizo. Sahani zile haziwezi kuwekwa pamoja, na ziwekwapo karibu na chuma hazitoki. Alikuwa akizunguka na ndoo, akaitupa, akachukua sanduku la bati, akalitupa.

"Ndoo hiyo ina mshikio wa chuma," sauti ikasema nyuma yake. Bi Jalila alikuwa amesimama mlangoni na vikapu vyake viwili vya ukindu, kile cha feri na kile cha sikukuu. "Hivi havina hata msumari. Nimevisuka mwenyewe."

Mwanatatu alimwangalia mamake. "Abee mama," akasema, ingawa hakuwa ameitwa.

"Usinitazame hivyo. Chukua kimoja nami nichukue kimoja. Wasema visikaribiane kiasi gani?"

"Hatua tatu."

Ndivyo walivyoteremka kuingia feri asubuhi ile, mama mbele na binti nyuma, hatua tatu kamili, kila mmoja akikimbiza kikapu chake na vyuma vya ukuta. Kila Mwanatatu aliposogea, kikapu cha mbele kilimgeukia, na Bi Jalila alikiwekea mkono na kukinong'onezea kitulie. Watu walikuwa wengi. Feri ilikuwa haijang'oa nanga bado, na kutoka upande wa pili, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiwatafuta kwa macho tangu kilimani, Mwanasaumu akaita.

"Bi Jalila! Safari ya wapi na vikapu viwili? Mna nini humo leo?"

Mwanatatu alifumba macho. Alikuwa hatua tatu nyuma na hakuwa na la kufanya. Alipoyafumbua aliona mabega ya mamake yakipanda na kushuka. Alijua anasoma dua ya kijicho kimoyomoyo, na aliisoma hadi mwisho, bila haraka.

"Mna sumaku," Bi Jalila akasema, na watu wa mstari wa mbele wakageuka. "Mwanangu Mwanatatu atengeneza mashine za upepo. Hii ni ya thelathini na saba. Twaipeleka Mwakirunge ikavute maji." Akakipandisha kikapu kifuani kwa mikono yote miwili, akamkazia macho mtu aliyekuwa jirani yake kwa miaka ishirini. "Haya, Mwanasaumu. Sema mashaallah."

Mwanasaumu akasema.

"Kwa sauti," akasema Bi Jalila.